Usiguse Mpaka Nikwambie

Ijumaa, tarehe 2

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Ni daftari la kazini, la kuandikia makosa ya laini, ila kurasa ni nyingi kuliko makosa, au ndivyo ninavyoomba.

Mume wangu yuko kituo cha juu, leo siku ya kumi na tisa. Ni tabibu, na kote huku na kule anaitwa Tabibu. Hata mimi namwita hivyo. Mimi ni fundi wa mtandao wa hospitali kuu. Kazi yangu msimu huu ni kuunganisha ruta ya huku na ruta ya kule kwa laini ya kidijitali, ili picha za eksirei zinazopigwa kule zisomwe na madaktari wa huku, na pia ili simu moja ya mezani ya kule izungumze na simu moja ya mezani yangu. Laini ikikubaliwa, kule hakutahitajika tena tabibu mzoefu. Kuna kijana asiye na mke ameshakubali kwenda badala yake. Lakini orodha ya uhamisho inafungwa Ijumaa tarehe 30, na ikifungwa kabla laini haijakubaliwa, Tabibu anabaki kule miezi minne mingine.

Sharti ni moja: siku saba mfululizo bila kosa hata moja. Kwa hiyo mume wangu atarudi kwa mikono yangu mimi, au hatarudi. Sijui kama hiyo ni bahati au adhabu.

Jumamosi, tarehe 3

Makosa ya tangu jana saa mbili asubuhi: 663. Mvua kutwa.

Jumapili, tarehe 4

Sina kazi leo, basi niandike lile ninalolikwepa.

Jina lake halikupangwa na mtu. Alijiandikisha mwenyewe kwenda kule kwa sababu hapakuwa na tabibu, na mimi nikasikia kwa mtu wa stoo. Wa stoo! Tulinuniana siku nne. Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa nje linapiga honi, alisimama mlangoni na begi lake, akanyoosha mkono aniguse bega. Nikamwambia, "Usiniguse." Akaurudisha mkono taratibu, akaupeleka kwenye kamba ya begi kana kwamba ndiko ulikokuwa unakwenda tangu mwanzo. Kisha akatoka.

Hatujalizungumza. Tunazungumza laini tu.

Jumatatu, tarehe 5

665. Mvua.

Kule juu simu ya mkononi inashika mtandao mahali pamoja tu, ngazi ya tatu ya tangi la maji. Kila siku saa nne asubuhi Tabibu anapanda, ananipigia, anasikiliza maagizo, anashuka, anayatekeleza, anapanda tena kuripoti. Leo ilikuwa hivi:

"Fundi, niko ngazini. Sema."

"Kwenye kadi ya laini kuna swichi ndogo nyekundu. Iwashe."

"Nishuke?"

"Utaiwashaje ukiwa hapo juu?"

"Nauliza tu. Nashuka."

Robo saa baadaye alirudi akihema. "Zipo mbili nyekundu."

"Ya kushoto."

"Kushoto kwangu au kushoto kwako?"

Nilicheka kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Swichi ile tunaiita kitanzi; mpaka leo nilikuwa nasoma tu makosa ambayo ruta yangu inajihesabia. Ikiwashwa, chochote ninachotuma kutoka huku kinafika kwenye ruta yake na kurudishwa vile vile. Natuma mlolongo mrefu wa moja na sifuri, naupokea ukirudi, mashine inalinganisha. Kilichorudi tofauti na kilivyokwenda ni kosa.

Jumanne, tarehe 6

662. Mvua.

Jumatano, tarehe 7

664. Jua kutwa nzima. Ardhi bado imeshiba maji, nadhani.

Alhamisi, tarehe 8

664. Mvua.

Mama yake Tabibu anaishi nasi. Kila asubuhi hanijulii hali mimi, anaijulia laini. "Imeamkaje?" Nikimwambia ina makosa, ananitazama kama niliyeyafuga. Najua anachokiwaza: mwanawe aliondoka bila kuagwa, na aliyekataa kumuaga ndiye aliyeshika ufunguo wa kumrudisha. Siwezi kumlaumu, maana hata mimi nawaza hivyo hivyo.

Ijumaa, tarehe 9

663. Mvua.

Mafundi wa kebo wamekuta maji ndani ya jointi, pale kebo ilipoungwa, nusu ya njia. Kesho wanaikata na kuiunga upya. Nilijua ni mvua!

Wakati nawasubiri, nimetaka kuhakikisha ubovu hauko kwenye kadi ya ruta yangu mwenyewe. Nimeipa amri ya kitanzi cha ndani, yaani kadi inajirudishia ishara yake kabla haijatoka nje. Sifuri. Kadi yangu ni nzima. Nilikuwa bado nafurahia hilo Mama alipopiga simu kwamba paa linavuja juu ya kitanda chetu. Nimeacha kila kitu nikakimbia. Kati ya kitanda chote, paa limechagua kuvuja upande wa Tabibu.

Jumatatu, tarehe 12

Jointi imeungwa. Saa mbili asubuhi nimeanza siku saba. Tabibu alikuwa ngazini mapema, tulivyopatana.

"Washa kitanzi, halafu usiguse mpaka nikwambie."

"Hata vumbi nisifute?"

"Hata vumbi."

"Nimesikia."

Huyu ndiye mtu niliyemlalamikia miaka tisa kwamba hasikii. Mpaka jioni hii, sifuri. Kumbe ilikuwa jointi tu.

Jumanne, tarehe 13

Sifuri.

Jumatano, tarehe 14

Sifuri, na mvua ya leo ni ile ya kuzungumza kwa kupiga kelele, radi juu ya radi. Nimeibusu skrini. Mfagiaji ameniona, akageuka na ndoo yake kwa adabu.

Alhamisi, tarehe 15

Sifuri. Tabibu hakupiga simu jana wala leo. Nimenuna.

Ijumaa, tarehe 16

Sifuri. Ametuma ujumbe: "Niko salama. Chaji ndogo." Maneno manne. Nimeyasoma mara nyingi kuliko idadi yake.

Jumamosi, tarehe 17

Sifuri. Mama ametoa mashati yote ya Tabibu kabatini, akayafua upya. Yalikuwa safi. Nimeanika bila kumwambia kitu, na shati la bluu nililianika mwisho, baada ya kulishika kidogo.

Jumatatu, tarehe 19

Siku saba! Sifuri!

Nimeandika ripoti, nikampelekea bosi. Tunamwita Mzee Sahihi, kwa kuwa anatia sahihi kila karatasi inayopita mbele yake na hasomi hata moja. Ameitia kwa kalamu yake ya kijani huku anazungumza na simu. Barua ya uhamisho itachapwa kesho kutwa. Gari linapanda juu Ijumaa na linashuka Ijumaa hiyo hiyo.

Nyumbani Mama alinishika mikono yote miwili. Hajawahi.

Jumanne, tarehe 20

Sijui nianzie wapi, basi naanzia pale simu ilipolia.

"Fundi wangu!" Alikuwa anacheka ngazini. "Nimesikia! Kwa hiyo Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Afadhali. Wiki iliyopita imetutoa jasho. Ile Jumatano radi ilipiga transfoma, tumekaa bila umeme mpaka Alhamisi jioni. Jenereta tuliiachia friji ya chanjo peke yake. Ndiyo maana sikupiga, simu ilikufa."

Niliuliza polepole, "Na ruta?"

"Ruta nayo ilizima, itawakaje? Lakini sikuigusa. Ulisema nisiguse, sikuigusa. Umeme uliporudi ikawaka yenyewe, swichi iko vile vile ulivyoniachia. Hata mfagiaji nilimkataza."

Nililifungua daftari hili. Jumatano tarehe 14, sifuri. Alhamisi tarehe 15, sifuri. Siku mbili ruta yake imezima kabisa, na siku hizo hizo mimi napokea jibu safi lisilo na kosa hata moja. Sasa nani alikuwa ananijibu?

Nikaingia kwenye mipangilio ya kadi yangu, na amri ilikuwa pale pale nilipoiacha Ijumaa ya tarehe 9 nilipokimbilia godoro. Kitanzi cha ndani. Siku saba zote nilikuwa natuma na kujipokea mwenyewe. Ishara haikutoka hata nje ya chumba hiki.

"Fundi? Upo?"

"Nipo. Kesho saa nne uwe ngazini."

"Kuna nini?"

"Kesho."

Nilikaa kwenye kiti nikitazama mikono yangu. Hakuna mwingine anayejua. Ni amri moja tu ya kuondoa, haiachi alama. Ripoti ina sahihi, barua inachapwa, gari lina mafuta. Na huenda kweli jointi ndiyo ilikuwa mbovu, huenda laini ni safi kabisa na mimi najitesa bure. Nikaondoa kitanzi cha ndani, nikamwacha Tabibu na chake, nikatazama. Dakika mbili, kosa moja. Dakika nne na kitu, la pili.

Ningejua nisingetazama.

Jumatano, tarehe 21

Nimemwambia Mzee Sahihi kabla hajakaa.

"Laini inawaka kijani au haiwaki?" aliuliza.

"Inawaka."

"Basi."

"Inawaka na inakosea, Mzee. Kila kosa linaweza kukata picha, ianze kutumwa upya. Mtu kavunjika nyonga, amelala pale, sisi tunaanza upya."

"Unajua unachokifuta?"

"Najua."

"Mumeo."

"Najua, Mzee."

Alitoa ripoti kwenye faili. Akaisoma, kutoka juu mpaka chini, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, midomo ikicheza. Kisha akapiga mistari miwili juu ya sahihi yake kwa kalamu ile ile ya kijani. "Zimebaki siku tisa," alisema. "Saba zinaingia ndani ya tisa. Nenda kazini."

Saa nne Tabibu alipiga. Nilimweleza yote bila kupamba. Nilisikia mvua ikigonga tangi.

"Kwa hiyo mimi hata sikuwemo kwenye hiyo laini."

"Hukuwemo."

"Na ungenyamaza, Ijumaa ningekuja."

"Ndiyo."

Nikajiandaa, maana ugomvi wa leo ningeustahili wote. Akasema, "Basi niambie nianze na waya gani."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mume mwingine kabisa.

Jioni nilimkuta Mama anapiga pasi lile shati la bluu.

"Mama, Ijumaa haji."

"Barabara imekatika?"

"Hapana. Mimi nimekosea. Siku zote zile nilikuwa najisikiliza mwenyewe."

Pasi ilisimama. "Nani amekugundua?"

"Hakuna. Nimejisema."

Aliupindua ukosi wa shati, akaumaliza, akalitundika. Nilisubiri maneno. Akavuta shuka kwenye kapu, akanirushia ncha moja. "Shika huku," alisema. "Ni kubwa, siliwezi peke yangu." Tulikunja mashuka mpaka yakaisha.

Alhamisi, tarehe 22

665. Mvua.

Ijumaa, tarehe 23

663. Mvua. Gari limepanda na kushuka. Nilikuwa dirishani liliposhuka, sijui kwa nini. Aliyeshuka ni dereva, na maboksi matupu ya chanjo.

Jumamosi, tarehe 24

Mzee Sahihi amekuja chumba cha mitambo na chupa ya chai, Jumamosi, bila kuitwa. Alivuta kiti. "Nisomee," alisema. "Nimeanza kuzoea kusoma, ila macho yamechoka."

Nikamsomea daftari, namba tu, nikiyaruka mengine. Nilipofika tarehe 7 alinisimamisha.

"Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa?"

"Siku hiyo palikuwa na jua, Mzee."

"Na makosa?"

"Mia sita sitini na nne."

"Na jana, mvua ile yote?"

"Mia sita sitini na tatu."

Alikoroga chai yake. "Mvua gani hii inayofanya kazi kama mtumishi wa zamu?"

Nilihisi uso unanichoma. Wiki tatu naandika namba zile zile kwa mkono wangu, na pembeni yake naandika mvua, mvua, mvua, kwa sababu mvua ndiyo niliyoichukia. Tukakaa na saa ya ukutani, sisi wawili, tukipima. Kosa moja kila baada ya dakika mbili na sekunde kumi, bila kupunguka, bila kuzidi. Mvua haina saa mkononi. Chenye saa ni ruta.

Laini ya namna hii inataka kiongozi mmoja wa saa. Upande mmoja unatoa mapigo, upande wa pili unayafuata. Pande zote mbili zikifuata saa zao za ndani, zinaachana kidogo kidogo, mpaka moja inajikwaa na kudondosha kitu. Hilo ndilo kosa langu. Na nani aliiambia ruta ya kule ifuate saa yake? Ni mimi. Wiki ya kwanza nilichukua mipangilio ya ruta yangu, nikamsomea Tabibu neno kwa neno aiandike kwake, kana kwamba yeye ni mimi.

"Basi mpigie abadilishe," alisema Mzee Sahihi.

Nilikuwa nimeshakumbuka. Tabibu yuko vijijini kwa chanjo, mpaka Jumapili jioni. Huko hakuna hata tangi.

Jumapili, tarehe 25

Hakuna la kufanya ila kuhesabu. Nikianza kesho, siku saba zinaisha Jumatatu tarehe 2. Orodha inafungwa Ijumaa. Nimehesabu kwa vidole, kwa kalenda, na kwa kumuuliza Mama. Zote zinasema hivyo hivyo.

Namtamani. Nimemkumbuka mpaka kikohozi chake cha asubuhi kilichokuwa kinaniudhi. Namtamani akiwa hapa amesimama katikati ya jiko ananizuilia njia. Nimeandika, acha ibaki hivyo.

Jumatatu, tarehe 26

Nimemtajia amri herufi kwa herufi, akaiandika kiganjani, akashuka. Aliporudi:

"Nimeiambia ruta iache saa yake, ifuate ya laini. Yaani yako."

"Ndiyo."

"Kama nyumbani."

"Nyumbani hujawahi kufuata ya mtu."

"Nimeanza," alisema.

Kabla ya kuanza nilimwambia azime ruta yake dakika moja. Skrini yangu yote ikawa nyekundu. Sijawahi kufurahia wekundu namna hii: maana yake nilikuwa namsikia yeye, na alipoondoka nikajua ameondoka. Akaiwasha tena. Nikasubiri dakika mbili na sekunde kumi, halafu nyingine, halafu nyingine. Kimya safi.

Kisha nikamwambia, kwa kuwa ilibidi nimwambie, kwamba siku hazitoshi.

"Nilishahesabu," alisema. "Tuanze tu."

Jumanne, tarehe 27

Sifuri. Nimekagua kadi yangu mara tatu. Hakuna kitanzi cha ndani.

Jumatano, tarehe 28

Sifuri.

Alhamisi, tarehe 29

Sifuri. Mvua imepungua.

Ijumaa, tarehe 30

Sifuri. Mzee Sahihi alikwenda mwenyewe makao makuu kuomba siku tatu. Alirudi mchana, akapita moja kwa moja ofisini kwake bila kunitazama, nikajua. Orodha imefungwa. Miezi minne.

Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi kusoma skrini.

Jumamosi, tarehe 31

Sifuri. Mama ameyarudisha mashati kabatini. La bluu ameniachia kitandani kwangu.

Jumapili, tarehe 1

Sifuri.

Jumatatu, tarehe 2

Saa nne na dakika tano asubuhi, siku saba kamili, sifuri. Mzee Sahihi aliisoma ripoti kwanza, akaniuliza maswali mawili, la pili gumu, ndipo akatia sahihi.

Tabibu alikuwa ngazini.

"Imekubaliwa," nilimwambia. "Shuka ukazime kitanzi. Halafu kaa mezani, usipande tena. Nitakupigia huko huko."

"Kwa simu ya mezani?"

"Kwa laini yetu."

Nilitazama kitanzi kikiondoka kwenye skrini. Nikanyanyua simu iliyokuwa imekaa mezani kwangu mwezi mzima kama pambo, nikabonyeza namba zake mbili. Iliita mara moja tu.

"Fundi."

Sauti ilikuwa karibu mno, nikaisogeza simu kidogo. Nilisikia anavyopumua. Nilisikia kiti chake kikilia, na mvua juu ya bati lake, wakati huku kwetu ilikuwa imeshakatika.

"Picha ya kwanza naituma mchana," alisema. "Kuna mzee kavunjika mkono."

"Sawa."

"Na mimi nipo mpaka miezi minne iishe."

"Najua."

Kila nilichokuwa nimejipangia kusema kilikuwa kimekimbia, lakini nilimsikia yuko pale, na najua alinisikia.

"Tabibu, siku ile mlangoni..."

"Nilitaka nikuulize hiyo," alisema. "Nayo uliniambia nisiguse. Ila hukusema mpaka lini. Nikaona mimi nisubiri mpaka uniambie."

Simu ilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto niliukuta begani kwangu, pale pale alipotaka kuniwekea wake.

"Gusa," nikamwambia.